Watoto wa Kwenye Matenga

Nyumba ya akina Mgeni ilikuwa Mtaa wa Muhonda, mojawapo ya zile chache zilizobaki chini wakati jirani zake wote wameshapanda ghorofa nane, ghorofa kumi. Aliijenga babu yao, muuza nazi na mkaa, kwanza kwa miti na udongo, baadaye kwa saruji: vyumba vitatu huku, vitatu huku, ukumbi katikati na uwanja mpana nyuma. Mgeni Ramadhan alizaliwa katika chumba cha kwanza mkono wa kulia. Aliolewa akatoka humo, akaachika akarudi humo humo, binti yake Shamsa akiwa mgongoni, na kwa miaka mingi akashona pale ukumbini: baibui, sare za shule, mashungi ya maulidi. Shamsa alikua akachezea vitambaa chini ya cherehani, akasoma, akaolewa Tanga. Mgeni akabaki na cherehani yake.

Watu wa Kariakoo walimjua kwa mambo mawili, mshono wake na ulimi wake. Mkali hakuwa, ila hukuweza kumzungusha kwa maneno. Ukimwambia kitambaa hiki ni pamba, atakitoa uzi mmoja, atauchoma na kiberiti, halafu atakuangalia tu.

Mambo yenyewe yalianza siku za mwisho za mfungo, Idi iko mlangoni, na Kariakoo nzima imefurika mpaka mtu anatembea kwa kusukumwa. Mgeni alikuwa amekwenda Mtaa wa Mkunguni kununua vitunguu kwa Stella, muuzaji wake wa siku zote. Stella alitoka Njombe. Alikuwa amepanga chumba kimoja Buguruni, mumewe alikwenda machimboni Geita na polepole simu zake zikakoma. Mtoto wao, Lucky, hata miaka miwili hakuwa ametimiza. Kila siku alikaa ndani ya tenga tupu la nyanya, kanga imetandikwa chini, pembeni ya miguu ya mama yake, akichungulia watu kama kifaranga.

Mgeni alikuwa anachagua vitunguu aliposikia vijana wa mkokoteni wakipiga kelele za "pisha, pisha". Umati ukabana upande mmoja. Mkokoteni uliobeba marobota ya mitumba ukapoteza mwelekeo, gurudumu likapanda kwenye turubai la Stella, likalikumba tenga. Nyanya zilisagika. Mtoto alilia sauti moja kali, kisha akanyamaza, na ule ukimya ndio uliomfanya Mgeni atupe kapu lake.

Walimpeleka hospitali kwa bajaji, Mgeni amempakata, Stella pembeni yake akirudia jina la mwanawe. Mungu akawasaidia, kilichovunjika kilikuwa mguu tu. Mchana ule ule mguu ukafungwa plasta mpaka pajani, na daktari akasema mifupa ya watoto inaunga haraka, wasiwe na hofu.

Wakiwa kwenye benchi wakisubiri dawa, Mgeni aliuliza, "Kesho utamwacha na nani?"

"Sina wa kumwachia, mama. Nitakuja naye."

"Na mguu huu?"

"Nitamweka ndani zaidi, nyuma ya viroba," alisema Stella. Hakusema kwa ukaidi. Alisema kama mtu aliyeshafikiria kila njia, akagundua njia ni hiyo moja.

Mgeni alikumbuka enzi zake, alipokuwa bado kibarua kwa fundi mmoja Mtaa wa Kongo. Shamsa alikuwa nyumbani na bibi yake, ameoga, amekula uji, amelala kwenye mkeka. Siku zote alikuwa akijisifu kwamba amelea mwanawe peke yake. Pale kwenye benchi la hospitali aliona kwamba hakulea peke yake hata siku moja. Alikuwa na mama yake, na alikuwa na ile nyumba.

"Utamleta kwangu," alisema. "Muhonda, nyumba ya chini yenye mlango wa kijani. Uliza kwa Mgeni fundi."

Lucky alikaa ukumbini kwa Mgeni mpaka plasta ikatolewa. Ilipotolewa hakuna aliyezungumzia habari ya kumrudisha kwenye tenga. Kabla ya hapo tayari rafiki wa Stella, muuza mchicha, alikuwa ameomba na wake ashike pembe ya mkeka. Akafuata mwingine anayeuza ndala, na mwingine anayepika chai kwa wapagazi. Walileta uji, walileta nepi, walileta kidogo walichokuwa nacho. Kufika wakati wa mvua za vuli nyumba ya mzee muuza nazi ilikuwa imejaa watoto wadogo tangu ukumbini mpaka uani, na Mgeni akawa anashona kwa mkono mmoja na kufuta pua kwa mwingine. Wapita njia walisimama mlangoni wakicheka. Na Mgeni, ambaye alikuwa amezoea kusifiwa kwa mishono, akajikuta anapenda zaidi sifa hizi mpya.

Kwa hiyo siku alipokuja ofisa ustawi wa jamii wa kata, Mgeni alimpokea akiwa na uhakika kwamba amekuja kumpongeza.

Ofisa huyo alikuwa kijana aitwaye Heriel, mrefu, mwembamba, miwani imemkaa puani vizuri. Alisema shikamoo, akaitikiwa marahaba, akakaribishwa kahawa, akaikataa kwa adabu. Alizunguka nyumba nzima kimya. Aliangalia choo kimoja cha uani. Aliangalia pasi ya mkaa juu ya meza, sindano kwenye kopo, waya wa umeme uliopita juu ya magodoro. Kisha akarudi ukumbini.

"Mama, una walezi wangapi?"

"Mimi hapa. Na jirani huja akipata nafasi."

"Moto ukishika pale kwenye meza ya pasi, watoto hawa wote utawatoa kwa mlango gani?"

Mgeni akageuka kuangalia. Mlango wa kutokea barabarani ulikuwa mmoja, na meza ya pasi ilikuwa karibu nao.

"Sikuja kukufungia," Heriel alisema. "Kisheria kituo cha kulelea watoto wadogo mchana lazima kisajiliwe, na hapa hapasajiliki. Lakini nikifunga leo, kesho watoto wanarudi kwenye matenga, na hilo pia naliona. Nitarudi. Hiyo pasi iondoke leo, na usipokee mtoto mwingine."

Alipoondoka Mgeni alikasirika vibaya sana. Alimwambia kila aliyemsikiliza kwamba kijana wa juzi amekuja kumfundisha kulea. Hasira hiyo aliibeba mpaka jioni, mama wa mwisho alipochukua mtoto wake na nyumba ikawa kimya. Hapo akasimama mlangoni, akageuka, akaiangalia nyumba yake kama mgeni kabisa. Aliihamishia pasi uani. Cherehani akaifungia chumbani. Kesho yake alimrudisha mama mmoja aliyekuja na pacha wachanga, akamweleza sababu, na moyo ukamuuma kutwa nzima.

Wakati huo nyumba yenyewe ilikuwa imeshaanza kuponyoka. Kaka yake mkubwa, Abdulmajid, alikuja na habari Ijumaa moja baada ya swala. Mnunuzi amepatikana. Warithi wengine, wa Zanzibar na wa Mbagala, wote wamekubali. Kila mmoja atapata haki yake na ataweza kujenga mahali.

"Sikulazimishi, mdogo wangu," Abdulmajid alisema akiangalia dari. "Lakini tuko wengi, na wewe ni mmoja."

Mgeni hakubishana. Nyumba ilikuwa ya wote, na ndugu zake nao walikuwa na watoto wa kusomesha. Aliomba kitu kimoja tu, wasubiri mpaka mvua za masika zipite. Abdulmajid akasema atazungumza na mnunuzi. Akazungumza kweli.

Ndipo Mgeni akajifunga ushungi wake wa kutokea, akaenda mwenyewe ofisi ya kata kumtafuta Heriel.

"Nimekuja kukupa taarifa," alimwambia. "Kile unachokiita kituo kitafungwa. Si kwa amri yako. Nyumba inauzwa."

Heriel alimvutia kiti. Alikaa naye muda mrefu, na siku ile Mgeni alijifunza mambo ambayo kwa miaka yote aliyokaa umbali wa mitaa miwili kutoka ofisi ile hakuwahi kuyauliza. Alijifunza kwamba halmashauri, katika mapato yake ya ndani, inaweza kutenga fungu la watoto, vijana na familia. Kwamba vijana wa bodaboda wanajua kuomba, vikundi vya kinamama vya kukopeshana vinajua kuomba, lakini tangu Heriel afike kata ile hakuna aliyewahi kuomba kwa ajili ya watoto wa sokoni. Kwamba ombi halianzii mezani kwa mkurugenzi, linaanzia kwenye mkutano wa mtaa, linapanda kamati ya kata, ndipo linafika kwa madiwani.

"Kwa hiyo Stella na wenzake waje mkutanoni waseme," Mgeni alisema.

Heriel alivua miwani akaifuta. "Hapo ndipo penye kazi, mama. Mkutano wa mtaa ni wa wakazi. Wao wanafanya biashara hapa, lakini wanalala Buguruni, Vingunguti, Gongo la Mboto. Huku hawana sauti. Na huko wanakolala shida yao ya mchana haionekani."

"Mimi ni mkazi."

"Wewe ni mkazi," Heriel alisema. Hakumalizia, lakini wote wawili walijua. Alikuwa mkazi mpaka masika yapite.

Mkutano ulifanyika uwanja wa shule, asubuhi ya Jumamosi. Waliohudhuria zaidi walikuwa wenye nyumba na wenye maduka, wazee kwa vijana, na mazungumzo yalikuwa ya taka, taa za barabarani na magari yanayoegeshwa ovyo. Mgeni alikaa mstari wa tatu. Pembeni yake alikaa Bi Badriya Mbaruk, mwenye duka la vyombo Mtaa wa Sikukuu, mwanamke wa Kiarabu ambaye walisoma naye chuo cha Kurani utotoni, na ambaye hakuwahi kufungua kinywa kwenye mkutano wowote. Nje ya uzio, kwa sababu waliambiwa wasiingie, walisimama kinamama wa sokoni, Stella mbele yao na Lucky ubavuni.

Mgeni aliponyoosha mkono, mwenyekiti, bwana Zakayo, ambaye alikuwa mgeni kidogo pale mtaani, alimwangalia kutoka mbali.

"Jina na makazi, mama. Wewe ni mkazi au umekuja tu?"

"Mgeni ni jina langu," alisema. "Mkazi ndiyo mimi."

Watu wakacheka, na Zakayo naye akacheka, na kicheko kile kilimpa Mgeni nafasi ya kupanga maneno yake. Alikuwa amewahi kusema mbele ya watu wa harusi, lakini kwenye harusi hakuna anayekuomba sababu. Aliwaeleza habari ya mkokoteni. Aliwaeleza alichokiona Heriel nyumbani kwake, hakuficha mlango mmoja wala pasi ya mkaa. Akasema anaomba mtaa uweke katika mapendekezo yake kituo cha watoto wadogo, karibu na soko, chenye walezi wanaolipwa.

Mzee mmoja mwenye nyumba alisimama. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu wa kunyoosha mambo. "Nampongeza dada yetu kwa moyo wake. Lakini watoto hawa si wa mtaa huu. Kila mtaa ubebe wa kwake. Sisi hapa tuna mitaro."

Minong'ono ya kukubali ikapita. Mgeni alikuwa bado amesimama, akaelekeza mkono kwenye uzio.

"Wale kinamama wa nje ya uzio," alisema, "kila asubuhi anapita mtu wa ushuru. Anawatoza pale pale walipokaa, na sijapata kumsikia akimuuliza hata mmoja wao jana alilala wapi. Ushuru wao ni wa hapa. Basi na watoto wao, mchana, ni wa hapa."

Hakuna aliyepiga makofi. Kisha Bi Badriya Mbaruk akasimama polepole, ameshika mkoba wake kwa mikono miwili. "Naunga mkono," alisema, akakaa. Zakayo akaomba mikono. Iliinuka michache, ikaongezeka, mpaka yule mzee wa mitaro akainua na wake, akisema wazi kwamba mitaro nayo iandikwe.

Ombi lilipita mtaani. Heriel akalibeba kwenye kamati ya kata, likapita. Mgeni aliambiwa na diwani mwenyewe kwamba limesomwa na limo kwenye mpango wa mwaka unaoanza Julai. Siku hiyo alinunua halua akagawa sokoni, na Stella akamkumbatia mbele ya wateja.

Halafu masika yakaja, nayo yalikuwa masika ya kweli. Maji yalijaa barabarani, yakaingia madukani, kalavati mbili zikakatika. Mwaka mpya wa fedha ulipoanza, Heriel alikuja Muhonda mwenyewe, kwa miguu, viatu vimejaa tope. Mgeni alijua kabla hajasema.

"Fungu limehamishiwa dharura ya mitaro na barabara," alisema. "Halijafutwa. Limesogezwa mwakani."

"Mwakani mimi nitakuwa wapi?"

Heriel hakumdanganya, na Mgeni alimheshimu kwa hilo.

Nyumba ilivunjwa. Mgeni alikwenda kuangalia siku moja tu, akaona ukuta wa chumba alichozaliwa umelala chali, rangi ya kijani ikionekana kwenye vifusi, akageuka. Fungu lake la urithi alinunulia kiwanja kidogo Chanika, lakini Chanika ni mbali na Kariakoo, kwa hiyo akapanga chumba Buguruni, mtaa wa pili kutoka kwa Stella. Alianza kuamka kwenye adhana kama wao, kupanda magari kama wao, na kushukia Msimbazi akiwa amechoka kabla siku haijaanza. Watoto hakuwaacha. Bi Badriya alimpa chumba kikubwa juu ya duka lake, kilichokuwa cha kuwekea masufuria, chenye ngazi mbili za kutokea na choo ndani. Aliweka sharti moja, kwamba ni kwa mwaka mmoja, maana wanawe wanakihitaji. Heriel akaja kukagua, akatoa kibali cha muda. Akapunguza idadi ya watoto. Mgeni hakukasirika safari hii. Alimuuliza tu idadi hiyo ameipataje, akaelezwa, akaona ni haki.

Mwaka wa pili alikuwa hana tena haki ya kusema kwenye mkutano wa Kariakoo. Alikwenda akasimama nje ya uzio pamoja na Stella. Kutoka pale alimwona Bi Badriya akinyoosha mkono, akisimama, na bila karatasi akisema kila neno walilokaa wote jioni kuzungumza. Sauti yake ilianza chini, ikapanda. Alipofika kwenye habari ya watoto waliokuwa juu ya duka lake mwenyewe, akaanza kuwataja kwa majina. Mgeni alishika uzio kwa vidole. Alikuwa amejivunia maneno yake ya mwaka jana, lakini fahari ya kumsikia mtu mwingine akiyabeba mbele ilikuwa ya namna nyingine.

Bajeti ya mwaka huo ilipita, na safari hii fungu likafika. Ghala la zamani la halmashauri nyuma ya soko, lililokuwa limejaa meza mbovu, likapakwa chokaa, likatobolewa milango mitatu na madirisha, likajengewa vyoo vidogo vya kimo cha watoto. Zikatengwa nafasi za walezi wanaolipwa. Mgeni alipita pale kila jioni kabla ya kwenda kituo cha daladala, akichungulia mafundi.

Heriel alimkuta hapo siku moja. "Mama, kuna jambo nataka ulisikie kutoka kwangu. Msimamizi wa kituo lazima awe na cheti cha malezi ya watoto wadogo. Halmashauri haiwezi kukuajiri bila hicho. Unaweza kuwa msaidizi."

Mgeni alikuwa na elimu ya darasa la saba na umri wa miaka hamsini na mitatu. Alitazama vyoo vidogo vile, vimekaa mstari kama vikombe.

"Hicho cheti kinatolewa wapi?"

"Chuoni. Nafasi za kusomeshwa zipo kwenye fungu hilo hilo. Lakini ni darasa kweli, na kuna mitihani."

"Niandikishe."

Shamsa alipopigiwa simu Tanga alidhani mama yake anatania. Bi Badriya akaongeza muda wa chumba, na saa za darasa kinamama wakapeana zamu kukaa na watoto. Darasani wenzake walikuwa wasichana wa umri wa kuwazaa, wamevaa suruali na hereni kubwa, wakimwita bibi kabla hawajamzoea na mama Mgeni walipomzoea. Somo la ukuaji wa mtoto lilimpa raha, maana kila ukurasa alimwona mtoto anayemjua. Lakini lilimpa na majuto ya hapa na pale: aligundua kwamba yule mtoto wa muuza ndala, aliyekuwa akimwita mvivu wa kusema, huenda hasikii vizuri. Jioni ile ile alimwambia mama wa mtoto, wakampeleka kupimwa, ikawa kweli, akaanza kutibiwa. Hesabu za lishe zilimtoa jasho. Binti mmoja wa Kigamboni alikuwa akimwelekeza wakati wa chakula, na yeye akamlipa kwa kumshonea gauni la mahafali.

Mtihani wa mwisho alifaulu. Hakuwa wa kwanza, hakuwa wa mwisho. Alivaa joho jeusi juu ya baibui lake, na Abdulmajid, kaka yake, alikuja kwenye mahafali na kanzu iliyopigwa pasi mpaka inasimama yenyewe. Alipiga picha nyingi kuliko wazazi wa wasichana wote. Aliwaambia waliokaa karibu naye, mmoja baada ya mwingine, kwamba yule pale mwenye miwani ya kusomea ni mdogo wake, tumbo moja.

Kituo kilifunguliwa asubuhi ya Jumatatu, na hotuba ziliwekwa fupi kwa sababu watoto walikuwa wanalia. Diwani alikata utepe, Heriel alisimama nyuma kabisa akikagua milango kwa macho, na Stella aliombwa kusema neno kwa niaba ya kinamama. Alishika kipaza sauti, Lucky amemng'ang'ania sketi, mguu umepona hata kovu huoni.

"Nilikuwa nikitoa ushuru nikiona kama nauacha chini," Stella alisema. "Leo nauona. Una milango mitatu na vyoo vidogo."

Akarudisha kipaza sauti. Kinamama wakapiga vigelegele mpaka wapagazi wa barabarani wakasimama na mizigo yao mabegani kutazama.

Bi Badriya alikuwa ameleta masufuria ya uji, mapya, kutoka dukani kwake. Alimsogelea Mgeni wakati wageni wanaondoka.

"Shoga, umechoka?"

"Bado hata sijaanza," Mgeni alimjibu, akajifunga aproni.

Wageni walipokwisha kazi ikaanza, kama kazi yoyote. Mlezi mmoja aligawa uji, mwingine akapanga mikeka. Mgeni alikuwa ameinama akimfunga mtoto viatu wakati kivuli kilipoziba mlango. Alikuwa baba mmoja, mpagazi, jasho linamtiririka, begani bado ana kipande cha gunia wanachowekea mizigo. Mkono wa kulia ameshika binti mdogo, wa kushoto mfuko wa nguo. Alibaki kizingitini, akiogopa kukanyaga sakafu safi kwa viatu vyake.

"Samahani. Mwalimu yupo?"

Mgeni aligeuka nyuma kumtafuta huyo mwalimu. Nyuma yake palikuwa na ukuta mweupe na mstari wa vikombe. Akanyanyuka taratibu, akaweka aproni sawa.

"Ndiyo mimi," alisema. "Karibu ndani, baba. Mtoto anaitwa nani?"